Kuoga Si Anasa

Mji hupimwa kwa mambo mengi. Wako wanaoupima kwa urefu wa majumba yake, wako wanaoupima kwa wingi wa fedha zipitazo mikononi mwa wafanyabiashara wake, na wako wanaoupima kwa upana wa barabara zake. Vipimo hivyo si vibaya, lakini kiko kimoja kilichosahauliwa, nacho ni rahisi kuliko vyote. Mgeni afikapo mjini jioni, amechoka, vumbi limemjaa toka utosini mpaka unyayoni, aweza kuoga wapi? Ikiwa hana pa kuoga ila awe na fedha za kulala hotelini, basi mji huo umemkosea, hata kama soko lake ni kubwa na taa zake zawaka usiku kucha.

Nataka kukuonyesha, msomaji wangu kijana, ya kuwa bafu la umma ni haja ya mji kama soko, kisima na njia. Nataka kukuonyesha pia ya kuwa kuoga kwa maji ya moto, kusuguliwa na kukandwa, mambo ambayo leo huuzwa kwa watalii kama starehe ya matajiri, yaliwahi kuwa huduma ya watu wote, na yaweza kuwa hivyo tena. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa kesho. Sina hisa katika hoteli, wala sina sabuni ya kuuza. Nasema kwa sababu naishi mpakani, na haja ninayoieleza hunipita mbele ya macho kila siku.

Fikiri habari ya Busia na Malaba. Miji hii miwili imekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda, na kila mmoja una jina lile lile pande zote mbili. Dereva atokaye Mombasa na shehena yake amekwenda zaidi ya kilomita 900 kabla ya kuliona lango la Malaba. Amekaa juu ya kiti kimoja, injini ikivuma karibu na miguu yake, jua likimpiga kwa upande wa dirisha, moshi wa walio mbele ukimwingia puani. Yeye na utingo wake wakifika huona foleni. Siku njema foleni hiyo ni fupi. Siku mbaya ni ndefu mno: mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa ugonjwa wa korona, na tena Januari 2022, malori yalijipanga kilomita nyingi, na watu wakalala ndani ya vyombo vyao siku baada ya siku. Waliwezaje kuoga? Wengine kwa maji ya dumu, nyuma ya gurudumu, wengine hawakuoga.

Wala si madereva peke yao. Yuko mama aliyeamka alfajiri kuleta dagaa, mahindi au ndizi, ambaye huuza juani mpaka magharibi na kurudi nyumbani ndani ya matatu akiona haya kukaa karibu na mwenzake. Yuko mchukuzi abebaye magunia. Yuko kijana wa bodaboda, na hapa nikukumbushe ya kuwa jina hili, litumikalo sasa kila pahali katika Afrika Mashariki, lilizaliwa mpakani kwetu, katika zama za waendesha baiskeli waliowavusha watu baina ya lango moja na la pili. Ni neno la Kiingereza la mpaka lililorudiwa mara mbili. Watu hawa wote hutoka jasho ili miji hii iishi. Mji unaokula jasho la watu haukosi wajibu wa kuwapa pa kulioshea.

Serikali zetu zimefanya mema kwa ajili ya shehena. Mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya dari moja, ili msafiri asisimamishwe mara mbili kwa jambo moja. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini jihadhari usije ukadhani ya kuwa karatasi ikipita upesi mtu naye amehudumiwa. Karatasi hainuki jasho wala haiumwi mgongo. Mwenye karatasi ndiye aliye na mwili, na mwili huo haukukumbukwa.

Wala usiniambie ya kuwa maji hakuna. Nchi yetu si jangwa. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, Mto Sio na Mto Malaba yapita hapa hapa, na Ziwa Viktoria li karibu. Lakini mto si bafu. Kijana ajitosaye katika maji ya pwani ya ziwa, au katika maji yatembeayo polepole yenye majani na konokono, aweza kutoka amebeba kichocho, ugonjwa ambao wadudu wake hutoka ndani ya konokono hao na kupenya katika ngozi ya mwogaji. Kwa hiyo kumwambia mpita njia, "Nenda ukaoge mtoni," si ukarimu. Huenda ni kumtuma kwenye maradhi.

Sasa na tuitazame hamamu. Ni vema kulijua jambo kabla ya kulisifu au kulilaumu, na watu wengi wanaoicheka hamamu hawajui jinsi ifanyavyo kazi.

Hamamu ya Kituruki ni nyumba yenye vyumba vitatu vifuatanavyo. Cha kwanza ni cha kuvulia nguo na kupumzikia. Cha pili ni cha joto la kadiri, ili mwili usishtuke. Cha tatu ni cha joto kali na mvuke. Nje ya nyumba iko tanuri kubwa, na hewa ya moto itokayo katika tanuri hiyo hupita chini ya sakafu na ndani ya kuta, kwa ufundi ambao Waturuki waliurithi kwa Warumi. Katikati ya chumba cha joto pana jukwaa pana la marumaru, ambalo Waturuki huliita jiwe la kitovu. Mwogaji, akiwa amejifunga kikoi, hulala juu yake mpaka jasho limtoke na ngozi ilainike. Ndipo mwosha huja akiwa amevaa mkononi mfuko wa kitambaa kigumu, ambao kazi yake ni kama ya dodoki, akamsugua mpaka taka za ngozi zitoke kama nyuzi nyeusi. Kisha humpaka povu la sabuni, humkanda mabega, mgongo na miguu, na kummwagia maji. Hapana ziwa la kuogelea ambalo watu wote hujitumbukiza ndani yake. Maji hutoka bombani, huanguka katika karai la jiwe, na kila mtu huteka yake kwa tasa. Maji yaliyokwisha kumwosha mtu hayamrudii mwingine.

Kwa Waturuki hamamu ilikuwa ya nani? Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani ya kuwa ilikuwa ya masultani na wake zao. Majumba ya kifalme yalikuwa na hamamu zake, ni kweli, lakini hamamu zilizo mashuhuri katika mji wa Istanbul zilijengwa kwa ajili ya watu wa mjini. Hamamu ya Çemberlitaş, iliyojengwa mwaka 1584, kazi ya mjenzi mkuu Sinan, ilikuwa na upande wa wanaume na upande wa wanawake. Hamamu ya Cağaloğlu ilijengwa mwaka 1741 kwa amri ya Sultani Mahmud wa Kwanza, na jambo hili ulishike sana wewe uliye mwanafunzi: mapato yake yalitengwa kwa ajili ya kuisaidia maktaba iliyokuwa katika Ayasofya. Watu walilipa ili waoge, na fedha za kuoga zikatunza vitabu. Je, hiyo ni anasa? Mji unaofanya sabuni isaidie vitabu ni mji wenye akili.

Lakini si lazima tuvuke bahari hadi Uturuki. Tunao mfano wa karibu zaidi, katika Unguja. Mwaka juzi, wakati wa likizo, nilikwenda kuviangalia viwili vya visa vyake, na ni vema nikueleze vyote viwili, maana kimoja chapingana na mwenziwe.

Cha kwanza ni bafu la Kidichi, lililoko shamba, nje ya mji. Lilijengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Ndani yake mna nakshi za plasta za ndege na maua. Ni jengo zuri, na lilikuwa la mtu mmoja na watu wake. Ukitaka kuliita anasa sitakupinga.

Cha pili kiko katikati ya Mji Mkongwe, katika mtaa ambao mpaka leo waitwa Hamamni kwa sababu yake. Hamamu hiyo ilijengwa katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, na mjenzi wake aliitwa Haji Gulamhussein. Hii haikuwa ya malkia. Ilikuwa ya umma. Watu wa mji waliingia wakaoga, wakanyolewa, wakapumzika. Mtawala huyo huyo ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi kwa mifereji. Sisemi ya kuwa utawala wa zama zile ulikuwa wa haki. Mali yake ilitoka katika karafuu, na karafuu zilichumwa kwa jasho la watumwa, na hatuwezi kulisahau hilo. Nasema jambo moja tu: hata utawala wenye makosa makubwa kama ule ulitambua ya kuwa mji wa bandari, uliojaa mabaharia na wageni, hauwezi kukaa bila ya pahali pa watu wote pa kuogea.

Hamamu hiyo iliacha kutumika mwaka 1920. Leo mgeni huingia, akatazama mabirika makavu, akapiga picha, akatoka. Kisha, akiwa na fedha, hurudi hotelini kwake pwani, akalipa bei kubwa ili apikiwe mvuke na kukandwa kwa mafuta yenye harufu nzuri. Litafakari jambo hilo. Bafu la umma limekuwa kumbukumbu, na bafu la tajiri limekuwa biashara. Kilichokuwa cha wengi kimekauka, na kilichokuwa cha wachache kinatiririka. Mimi simchukii mtalii. Amefanya kazi, amepata likizo, na mgongo wake wauma kama wa mtu mwingine. Ninalolipinga ni fikira kwamba mgongo wake una haki ya kukandwa, na mgongo wa dereva wa Malaba hauna.

Najua mtakaloniambia, kwa kuwa nimekwisha kuambiwa mara nyingi. Basi na tuyajibu maneno hayo moja baada ya moja.

Baadhi ya watu husema: "Hii ni desturi ya kigeni. Waafrika hawaogi pamoja." Mwenye kusema hivi hajawauliza wazee wake. Katika vijiji vingi watu walikwenda mtoni kuoga, wanaume wakiwa na pahali pao na wanawake pahali pao, na kila mtoto alijua mipaka hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Tena lugha yenyewe yashuhudia. Kiswahili kina neno kuchua, kina neno kukanda, kina neno kusinga. Pwani, bibi arusi husingwa kwa liwa na manukato mpaka ngozi yake ing'are. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto ili mwili wake urudi. Lugha haiundi maneno kwa vitu ambavyo watu wake hawavijui. Kilicho kigeni katika hamamu ni jengo tu, na jengo la shule na la reli pia yalikuwa mageni siku moja.

Wengine husema: "Kuoga ni jambo la siri, mahali pake ni nyumbani." Maneno mazuri kwa mtu aliye nyumbani! Lakini dereva wa Mombasa aliyeko Malaba nyumba yake iko wapi usiku huo? Mama wa sokoni aliyekaa tangu alfajiri ana mlango gani wa kufunga? Tukisema ya kuwa kuoga ni siri, kisha tusimpe mtu mahali pa siri, tumemlazimisha aoge hadharani nyuma ya gari au akae na uchafu wake. Bafu la umma lenye vyumba vidogo vyenye milango ndilo liletalo siri kwa asiye na nyumba. Sitiri ya mtu si haki ya mwenye nyumba peke yake.

Wa tatu husema: "Nyumba hizo zitageuka kuwa pango la maovu. Twajua sifa za nyumba za kukandia watu katika miji mikubwa." Sidharau hofu hii. Lakini tazama maovu hupenda kukaa wapi. Hupenda giza, mlango wa nyuma na bei isiyoandikwa. Bafu la umma lenye bawabu, lenye saa zijulikanazo, lenye mlango wa wanaume na mlango wa wanawake, lenye bei iliyoandikwa ukutani, na lenye mkaguzi wa afya aingiaye pasipo kubisha hodi, halina giza hilo. Katika hamamu ya desturi mwanamume huoshwa na mwanamume, mwanamke na mwanamke, na kikoi hakivuliwi. Ikiwa kazi njema imechafuliwa na wabaya, dawa yake ni kuisafisha, si kuizika. Hatukufunga shule kwa sababu baadhi ya walimu walikuwa waovu.

Wa nne, na huyu ndiye mwenye nguvu, husema: "Fedha hazitoshi. Hospitali zahitaji dawa kwanza; bafu litangoja." Kumjibu huyu nitakupeleka Liverpool, mji wa bandari katika Uingereza. Mwaka 1832 ugonjwa wa kipindupindu uliingia katika mji huo na kuwaua maskini waliosongamana katika nyumba za chini. Mwanamke mmoja mfanyakazi, jina lake Kitty Wilkinson, mzaliwa wa Ayalandi, alikuwa na birika la kuchemshia maji jikoni kwake. Akawafungulia jirani zake mlango, wakaja kufua nguo na matandiko ya wagonjwa kwa malipo madogo. Hakuwa na elimu ya udaktari, na sababu ya kipindupindu haikuwa imefahamika bado, lakini aliona ya kuwa usafi huokoa watu. Mwaka 1842 mji wa Liverpool ulifungua nyumba ya umma ya kuogea na kufulia katika mtaa wa Frederick, na mwaka 1846 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoruhusu miji mingine kujenga nyumba kama hizo kwa fedha za umma. Kumbe bafu halikungoja hospitali. Lilijengwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na dawa ilikuwa haba. Senti itumikayo kwa sabuni huzuia shilingi itumikayo kwa dawa, na mji wa mpakani, upitiwao na watu wa mataifa mengi na maradhi ya mataifa mengi, wapaswa kulijua hilo kabla ya mji mwingine wowote. Mwaka 2020 tulijifunza kunawa mikono kila mlangoni. Ilikuwa elimu ya gharama kubwa, nayo ni aibu kuisahau upesi.

Sharti niseme pia ambalo sisemi. Sisemi ya kuwa mvuke huponya kila ugonjwa. Wako wauzao starehe hizi kwa kuahidi ya kuwa zitafukuza sumu zote mwilini na kurudisha ujana, usiwaamini. Maji ya moto na sabuni huondoa uchafu. Joto na mkono wa mkandaji hulegeza misuli iliyokazana. Mtu akioga, akakandwa na kupumzika, hulala vizuri, na dereva aliyelala vizuri ni salama kwake na kwa wale atakaokutana nao njiani kesho. Mwenye ugonjwa wa moyo, na mwanamke mwenye mimba, na wamwulize daktari kabla ya kuingia katika joto kali. Faida hizi zatosha. Hazihitaji kupambwa kwa uongo.

Basi ninataka nini? Sitaki marumaru wala nakshi za Kidichi. Nataka nyumba imara ya matofali Malaba, karibu na mahali pasimamapo malori, na nyingine Busia, karibu na soko. Kila moja iwe na upande wa wanaume na upande wa wanawake, vyumba vidogo vyenye bomba na mlango, sehemu ya kufulia nguo, chumba kimoja cha mvuke kwa atakaye, na watu waliofundishwa kazi ya kukanda. Paa lake likusanye mvua katika matangi. Maji yapashwe moto na jua, tulilo nalo kwa wingi, na siku za mawingu na yapashwe kwa makapi ya miwa, kwa kuwa tuko katika nchi ya viwanda vya sukari. Tusikate mti hata mmoja kwa ajili yake. Bei iwe ndogo, iliyo chini ya bei ya chakula cha mchana. Na hii si ndoto. Katika jiji la Nairobi vimejengwa vyoo vya kulipia ambavyo baadhi yake vina mahali pa kuogea, na watu hulipa bila kunung'unika, maana hupata walicholipia.

Tena nataka tuchukue hekima ya Cağaloğlu. Kinachobaki baada ya kulipa wafanyakazi na kununua sabuni kisiingie mfukoni mwa mtu. Kitengewe maktaba ya vijana wa miji hii miwili. Dereva atokaye mbali ataoga, na mtoto wa Malaba atasoma. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ni mara chache methali hii ingeweza kutimizwa kwa uwazi zaidi.

Sasa nakugeukia wewe, mwanafunzi. Huenda umesoma mpaka hapa ukadhani ya kuwa maneno haya ni ya wakubwa na wenye vyeo. Sivyo. Kwanza, jichunguze usiwadharau watu waoshao wengine. Katika jamii yetu tumemheshimu mtu aandikaye barua na kumcheka mtu asuguaye mgongo, ingawa mgongo hauponi kwa barua. Mwosha wa hamamu, mkunga akandaye mzazi, muuguzi aogeshaye mgonjwa, hawa hushika mwili wa binadamu ukiwa mchovu na mchafu, wakaurudisha ukiwa na heshima. Kazi gani ni ya juu kuliko hiyo?

Pili, ijue sheria ya nchi yako. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na haki ya kiwango cha usafi kinachofaa. Haikusema "kila mwenye nyumba," wala "kila mkazi." Imesema kila mtu, na mpita njia ni mtu. Katiba hiyo hiyo imeziachia serikali za kaunti kazi ya maji na usafi, na imeagiza ya kuwa wananchi washirikishwe. Mikutano ya kujadili bajeti ya kaunti huitwa kila mwaka. Aghalabu husikika sauti za waombao barabara, nao wana haki. Sijasikia bado sauti iombayo bafu. Huna kura leo, lakini una kalamu, una chama cha mdahalo shuleni, na una mzazi mwenye kura. Iandike hoja hii, ijadili, ipinge ukiona ina kasoro, kisha uipeleke mahali inapoweza kusikika.

Wenzenu wa mpakani, watu wasiokuwa na mali, waliona haja ya watu kuvuka, wakatoa baiskeli zao, na kazi yao ikaenea nchi nyingi. Hawakungoja mgeni awaletee fikira. Haja ya leo iko wazi kama ile ya zamani: watu elfu na elfu hupita katika malango yetu wakiwa na vumbi la safari, na sisi twawauzia chakula, twawauzia mafuta, twawauzia kadi za simu, lakini maji ya moto na mlango wa kufunga hatujawapa. Anayeyahitaji yuko pale pale barabarani, ameegemea gurudumu la lori lake, akingoja zamu yake ya kuvuka.